Asante ya Zulema

Jumapili, 29 Julai 2018

Siku ya nyoki, vile vidonge vya viazi, kama kila tarehe 29. Tumeweka noti chini ya sahani ili riziki ije, tukala vizuri — mpaka dada yangu Zulema alipoiona leso ya kijani kwenye mkoba wa binti yangu Jorgelina. Zulema mwenyewe kafunga ya samawati shingoni. Wa kijani anataka Seneti iruhusu kutoa mimba, wa samawati hataki hata kusikia. Jorgelina: serikali iruhusu, ilipe na hospitali. Zulema: serikali ikataze, ifunge watu. Zulema huyu, ambaye hataki serikali ijue hata ameuza vifungo vingapi dukani kwake!

Nikazungusha kibuyu cha chai chungu, kile tunachofyonza kwa zamu kwa mrija mmoja, labda wapoe. Jorgelina akamkabidhi mama yake mkubwa. Zulema akafyonza, akarudisha, akasema, “Asante.”

Asante! Mzunguko wa kwanza! Anayesema asante amekwisha kunywa, hapewi tena. Kwenye mzunguko wa tano ni adabu. Kwenye wa kwanza ni vita. Akachukua koti lake akaondoka. Noti ya chini ya sahani hakuisahau, lakini.

Jumatano, 1 Agosti

Zulema hapokei simu. Jorgelina kaniuliza, mama, na wewe uko wapi? Nikasema niko jikoni. Hakucheka.

Jumamosi, 4 Agosti

Nimewaza huku namenya viazi. Mimi nisingetoa mimba. Basi. Lakini Mirta, binamu yetu, alitoa, mwaka 1974, kwa mama mmoja nyuma ya tanuri la matofali. Akarudi na homa. Mimi na Zulema ndio tuliomvisha kwa mazishi. Sheria ya kukataza ilikuwepo — ilimkinga nani? Serikali imeshindwa kuziba shimo la mlangoni pangu, leo inataka kulinda matumbo! Izibe shimo. Ifungue hospitali. Mengine anayajua mwenye tumbo.

Imeniuma kuandika. Nimepata na nafuu pia.

Jumatano, 8 Agosti

Zulema amekuja! Kaingia anachechemea, shimo limenyofoa kisigino cha kiatu, anaitukana serikali huku leso yake iko shingoni. Eti hawezi kuwasikiliza maseneta peke yake. Nikafungua redio, nikamtilia kibuyu.

“Nélida, acha kujificha jikoni. Uko upande gani?”

Nikamwambia yote. Na Mirta pia. Miaka arobaini na nne hatujatajiana jina hilo.  Zulema akafyonza mpaka mrija ukakoroma, kibuyu akakiweka mapajani. Nilingoja lile neno. 

Maji yalikuwa yamepoa, nimekuja kuyapasha. Naandika nimesimama. Yasichemke tu, yataiunguza chai, naye atapata la kusema. Huko sebuleni seneta bado anahutubia.

Sasa anaita. “We Nélida, maji unayafuata mtoni?”

Kibuyu bado anacho. Asante hajasema.