Mkongojo Ulioachwa Mlangoni

Mwanjelwa, Mbeya
Ijumaa

Mama yangu mpendwa,

Kamwene. Nimeianza barua hii mara tatu, na kila mara nasikia ule mlio: buti la Kaka Festo likigonga sakafu ya saruji. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya mlango wa madaktari wa jeshi, nikajua papo hapo ni mguu upi. Kifua chako kinaendeleaje? Mvua imefika Idodi? Mimi ni mzima, isipokuwa usingizi.

Mama, Kaka alikuandikia kwamba mambo yake yamekwisha salama. Hayajaisha. Jeshini walishasema hafai tena kwa kazi. Siku ile madaktari walikuwa wapime tu ameumia kiasi gani, ili ijulikane kama atapata fidia ya ulemavu. Alitakiwa aingie kama anavyoingia chumbani kwangu kila jioni, akishika ukuta. Lakini daktari mkuu ana cheo. Kaka alipoona nyota begani aliuacha mkongojo mlangoni, akatembea wima, akapiga saluti na kuukanyagisha chini mguu ule ule wenye vipande vya bomu. Akaulizwa kama anaumwa.

"Hapana, afande."

Wakaandika ulemavu mdogo. Yaani hafai kuwa askari, wala hakuumia vya kutosha kulipwa.

Tuliporudi, mama mwenye nyumba alimwona akikatiza uani, akamtania kwamba anatembea kama bwana harusi. Kaka akacheka naye. Mlango ulipofungwa alianguka kitandani, na goti lilikuwa limevimba hata suruali haikupanda. Nikamwambia angewaeleza tu ukweli.

"Ulitaka nichechemee mbele ya afande?" Akageukia ukutani. "Na wewe ukienda kunililia kule, usiniite kaka tena."

Nimewaza wiki nzima. Darasani watoto wananiuliza hili, nawajibu lile. Yeye anasema atarudi kulima shamba la marehemu Baba. Mama, hawezi kuchuchumaa. Chooni amefunga kamba kwenye boriti, ndiyo anayojivutia ili ainuke. Kamba hiyo niliinunua mimi, nikajifanya ni ya kuanikia nguo.

Nisalimie Shangazi anayekuchotea maji, na Baba Mdogo katekista. Aniombee bila kuuliza ni kwa jambo gani.

Jana nilirudi kwa yule daktari, peke yangu. Nilimweleza yote, hata kamba. Akasema, "Lakini nilimwuliza kama anaumwa."

"Alikuwa amesimama kijeshi, daktari," nikamjibu. "Akisimama hivyo hana jibu jingine."

Akavuta karatasi, akaandika. Kaka anaitwa tena Jumatatu, na safari hii atatakiwa achuchumae mbele yao.

Nakuandikia nikiwa shuleni. Asubuhi nimeondoka angali amelala. Karatasi ya wito nimeiweka juu ya mabuti yake, na pembeni nimeandika kwa mwandiko wangu kwamba mimi ndiye niliyesema.

Mwanao,
Agnesi