Neno la Munganga Nililoficha

Baraka, tarehe 9 Septemba 1956

Mupendwa mutoto wangu Norbert,

Nakusalimia sana kule Albertville. Uko muzima? Bibi yako Suzanne na batoto bako salama? Sisi huku tunapumua, na samaki wadogo wa ndagala ziko nyingi mwezi huu.

Uliniuliza kwa nini siku hizi barua za baba yako zinaandikwa na katekista Eugène, si mimi mudogo wake, mwalimu. Nitakujibu, ingawa nasikia haya.

Unajua ya kama mwezi wa tano baba yako alitapika damu, nikamupeleka hospitali kule Usumbura. Ini lake limekuwa gumu, na mishipa ya koo ilivimba mpaka ikapasuka. Munganga alimuingizia chombo kinywani, akaichoma ile mishipa sindano, damu ikakatika.

Siku ya kutoka, munganga akaniambia kwa Kifaransa: mishipa ya koo imefungwa, lakini damu inaweza kutafuta njia tumboni, akiona choo cheusi, arudi siku ile ile. Baba yako akauliza, "Anasema nini?"

Nikamujibu kaka yangu, "Anasema umepona, yaya."

Norbert, nilikuwa nimechoka. Majuma matatu nililala chini kando ya kitanda chake, na boti ilikuwa inaondoka kesho yake. Niliogopa kwamba akisikia yote, atakataa kutoka.

Mwezi wa saba nilienda kumutembelea kwake kijijini Swima. Nilimukuta anashika ukuta akitembea. Akacheka: "Mudogo, siku ine sasa choo yangu iko nyeusi kama masizi. Labda ni sombe, yale majani ya muhogo ya mama Norbert."

Tukapanda kamyo ya mizigo siku ile ile mpaka Usumbura. Munganga akanigeukia kwa hasira: sikumuelezea mugonjwa? Baba yako akauliza tena, "Anasema nini?" Hapo nikamutafsiria yote, na lile la kwanza pia. Akasema, "Ile tumbo ilikuwa yangu, Isidore. Haikuwa yako."

Walimuongezea damu, akarudi Swima. Nikienda, ananipa kiti, tunakula ugali wa bukari sahani moja. Lakini maneno yake hayapiti tena kinywani mwangu, wala kwenye kalamu yangu.

Ini halitapona, na damu inaweza kurudi wakati wowote. Omba ruhusa kazini, uje kabla ya Noeli. Boti ikikushusha Baraka, unaweza kupita mulango wangu bila kupiga hodi. Sitakulaumu.

Nisalimie Suzanne, mutoto wako Alphonse na shangazi yako Constance. Mungu akulinde njiani na ailinde nyumba utakayoiacha.

Wako akupendaye, hata ukinikasirikia,
baba yako mudogo,
Isidore