Askari wa Plastiki Uliyemtafuta Baada ya Arobaini

Kambini, nje kidogo ya Geita
Jumapili mchana

Mdogo wangu Hamisi,

Marahaba, ingawa ni mwaka mzima sasa hujaniamkia. Hujambo? Kifua cha Mama kinaendeleaje, na yule mwanao mchanga ameshaanza kukaa? Mimi mwili ni mzima. Hilo naweza kukuandikia bila kusita.

Sitazunguka. Yule askari wa plastiki uliyemtafuta kabatini baada ya arobaini ya Baba, ninaye mimi. Uliponiuliza nilikujibu sijui alipo, na wakati huo alikuwa tayari sandukuni mwangu, nimemfunga kwenye kanga. Uliwashuku watoto wa jirani, nami nikakuacha uwashuku.

Kazi yangu hapa ni kuandika namba kwenye sampuli za mawe yanayotolewa na mashine ya kuchoronga, yaani kutoboa miamba. Wanawake tupo wawili tu, mimi na mpishi wetu, Mama Kulwa. Asubuhi hunisalimu "mwangaluka", nami humwitikia, na Kisukuma changu kinaishia hapo. Akimaliza kupika anarudi kijijini kwa wanawe. Jumapili wengine huenda mjini, mimi hubaki nikisikiliza jenereta. Kuna siku nilipiga chafya saa nane mchana, nikatambua kuwa ndiyo sauti yangu ya kwanza tangu nilipoamka.

Basi Jumapili moja nilimkuta fundi wa mashine, Mfilipino anayeitwa Rodel, amekaa mezani kwenye bwalo na vipande vidogo vya plastiki mbele yake. Nilivitambua kabla hajasema neno. Alikuwa anaunda askari kama wetu, lile vazi la chuma la hadithi za anga ambalo mtu huingia kifuani mwake na kuliendesha. Akaniambia mwanawe wa kiume kule kwao anaunda wa namna hiyohiyo, kisha wanaandikiana wamefikia wapi.

Hamisi, wa siku hizi si kama wetu. Wetu alikuja wa kijani mwili mzima, na Baba akampaka kifua kwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye baiskeli. Huyu mpya vipande vyake vimetoka kiwandani na rangi zake, vyeupe, vya buluu, vya njano. Magoti yanakunjika, akapiga goti kama anayelenga shabaha. Wetu ukimkunja unamvunja. Na huyu hatumii gundi hata tone, vipande unavibana tu vinaingiana. Wetu, unakumbuka, alikuja na kitubu cha gundi kilichonukisha nyumba mpaka Mama akatufukuzia uani, na kila kiungo kilitaka kushikwa muda mrefu kikauke.

Jumapili iliyofuata nilimpelekea wetu amwone. Mkono mmoja ulikuwa umechomoka safarini. Rodel alimgeuza polepole, akaazima kioo cha kukuzia tunachotazamia mawe kazini, akatazama nyuma ya paja. Akaniuliza, "Nani alimshika hapa?"

Nikamwambia ni baba yangu. Akanieleza kuwa gundi ile ya zamani huyeyusha plastiki, na mtu akigusa kabla haijakauka, alama ya kidole hubaki. Akanipa kioo. Nikaiona, mistari yote ya dole gumba. Nikaweka dole langu juu yake kana kwamba nampa Baba mkono.

Dole langu likaifunika yote na kuzidi.

"Huyu alikuwa mtoto mdogo," Rodel akasema.

Mimi wakati ule nilikuwa na miaka kumi na miwili, vidole vyangu havikuwa vidogo kiasi hicho. Miaka yote nimejiambia kazi ile tuliifanya mimi na Baba, wewe ukiwa umelala mkekani. Ndiyo maana nilimchukua, nikaona nina haki naye kuliko wewe. Pale bwaloni ndipo nikakumbuka. Baba alikukalisha baina ya magoti yake, akakwambia shika usiachie, nawe ukashika mpaka ukasinzia naye bado mkononi. Nilikuwa nimekufuta kabisa.

Sikumruhusu Rodel aurudishe ule mkono. Nimeona hiyo ni kazi yako.

Rodel alihamishiwa kambi nyingine mwezi uliopita. Aliniachia boksi jipya, nikamuunda askari wangu Jumapili iliyofuata. Ni mzuri kuliko wetu, sikatai. Lakini kufika alasiri nilikuwa nimemaliza, na hapakuwa na mahali hata pamoja palipohitaji mkono wa mtu wa pili. Nilimsimamisha dirishani, nikakaa nikimtazama, kisha nikalia.

Wetu anakuja na dereva wetu, Mzee Masanja, anayekwenda likizo kumwona bintiye hapo Tanga. Nimemzungushia pamba. Mpokee, na kwa kukudanganya, nisamehe.

Mwambie Mama namwamkia, namkumbuka kila nikila chakula kisicho na nazi. Nisalimie wifi yangu, umbusu mwanao, na shangazi Mwanahawa umwambie kanga alizonipa bado mpya.

Likizo yangu inaanza mwezi wa Ramadhani. Kama hutaki nifikie kwako, nitafikia kwa shangazi, sitanuna. Niandikie tu mapema, nijue nitateremkia mlango upi.

Ni mimi dada yako,
Zuhura