Baba, Mpaka Wao Umenyooka

Baba,

Wamepima shamba letu. Nakuambia moja kwa moja, maana hukupenda mtu azungukezunguke.

Tangu ututoke, wageni wamejaa hapa kambini Nakivale. Wanatoka kwetu Kivu, wamekimbia kama tulivyokimbia sisi. Basi ardhi inagawanywa upya. Watu wa ofisi walikuja na uzi, wakapigilia vijiti katikati ya muhogo wa mama. Kaburi lako limebaki upande wa pili.

Nilitaka kukataa. Mpimaji, kijana Mganda mwenye adabu, akaniuliza, “Mama, kosa iko wapi? Angalia, laini iko sawa.”

Nikakumbuka ile kamusi kubwa ya Kiingereza uliyonunua sokoni Mbarara, isiyo na jalada. Ulikuwa ukiisoma kila ulipoweka randa chini. Siku moja ukanionyesha neno “wough”. Waingereza wa kale walilitumia kusema kosa, dhuluma, kisha wakaliacha likafa. Asili yake, kitu kilichopinda. Ulicheka mpaka ukakaa juu ya maranda. “Mwanangu, bale bazungu ba zamani bote balikuwa maseremala!” Hata kulitamka hatukujua. Lakini tangu hapo, ukikuta ubao umepinda, unafumba jicho moja, unautazama, unauambia neno hilo, na mama anauliza unamtukana nani.

Mimi nililiamini, Baba. Nilidhani dhuluma itaonekana kwa macho, kama ubao. Nikafumba jicho, nikautazama uzi wao toka mwanzo hadi mwisho. Haujapinda popote. Nikawaacha waendelee.

Na huko ng’ambo ya uzi amepewa Nabintu, mjane mwenye watoto wadogo, mmoja anakohoa usiku kucha. Naye alime wapi? Jana jembe lake lilifika karibu kabisa na kichwa chako. Mama alikuwa mlangoni, anatazama tu. Chakula hagusi. Nami sina wa kumkasirikia.

Kesho nitaenda kwa Nabintu, nimwombe aache pale ulipolala pasilimwe. Akikataa, sijui, Baba. Kweli sijui.

Pumzika. Akinikubalia, nitakuwa nakuja kukupalilia, na kila nikija nitapiga hodi kwake kwanza. Hilo nakuahidi.

Binti yako,
Furaha