Mke Wangu Kaficha Padi za Gemu Kwenye Mtungi wa Pombe

Mwanangu Bertha, mshauri wa redioni, mimi Baltazari wa Pito siyo mtu wa kuomba msaada, huwa naombwa mimi, uliza yeyote hapa Sumbawanga atakwambia, ila leo nimebanwa mpaka naomba, na barua yangu ni ya mdomo, naiongea kwenye simu, vijana wa hapo kwenu waiandike, maana mimi shule niliiona kwa nje tu nikipita na ng'ombe. Na ukisikia mtu anacheka huku nyuma usishtuke, ni huyo huyo mke wangu Stefania ninayekuja kumshtaki, anapepeta maharage na masikio kayatega.

Kwanza unijue. Mimi ndiye niliyepandisha dume la ng'ombe kutoka Mtowisa, kule bondeni kwenye joto, mpaka huku juu kwetu, kwa njia ile ya mawe, dume likagoma katikati ya mlima, nikalibeba. Stefania anasema alikuwa ndama. Alikuwa dume, ila alikuwa bado hajajijua. Nakwambia hivyo ili uelewe kwamba mtu aliyebeba dume hawezi kusumbuliwa na kidude chenye vitufe.

Sasa, mpwa wangu Benjamini alipata kazi Mpanda, akaniachia televisheni yake na mashine ya gemu, akasema mjomba nitunzie, nami nikaitunza kwa kuiwasha. Nikajifunza gemu la mpira. Mwanangu, magoti yangu yamekwisha, nikiamka asubuhi yanalia kama mlango wa kanisa, lakini nikishika ile padi, kile kidude cha mkononi, nakimbia, nakata kona, nabinuka hewani, kipa anabaki anatafuta mpira kwenye soksi zake. Hapa Pito hakuna aliyewahi kunifunga. Haya, siku moja tu, nilimpa Stefania padi ya pili ili nipate mtu wa kumfunga, akanipiga matatu, lakini siku hiyo umeme ulikuwa unayumba, kwa hiyo hayo hayahesabiwi.

Nikataka kupambana na watu wa mjini. Kuna bwana anaitwa Loth, ana kibanda cha gemu karibu na stendi. Nikaenda na rafiki yangu Lazaro, ambaye mguu wake mmoja ulishakufa zamani, anatembelea fimbo. Tumefika mlangoni, Loth katuangalia kuanzia kofia mpaka tope la miguuni.

"Wazee wangu," akasema, "hapa siyo zahanati."

Vijana wakacheka. Lazaro akajibu, "Mjukuu wangu, dawa tunazo nyumbani, tumekuja kufunga magoli."

"Bei mtaiweza? Na hiyo miguu mtanichafulia kapeti."

Mwanangu, bei yenyewe nilipoisikia nilidhani ananiuzia kibanda. Nikazunguka nyuma, nikakuta watu, watu kabisa wenye ndevu zao, wanalima huku Pito na wanabeba mizigo sokoni, wameinama wanachungulia gemu kwenye tundu la bati kama wanachungulia bibi harusi! Nikarudi mlangoni nikamwambia, "Wewe Loth, babu yako nilimnyoa mimi siku ya harusi yake, nikamfanya aonekane mtu, leo wewe unauza furaha kwa dakika, na asiye na viatu achungulie? Subiri uone."

Na wewe unajua sisi Wafipa tunavyolima. Mwenye shamba kubwa hahangaiki peke yake, mke wake anapika pombe ya ulezi, siku inatangazwa, watu wanakuja na majembe wanafukia nyasi kwenye matuta udongo ukiwa bado laini, jioni mke anaonja kwanza mbele ya watu, halafu anagawa, watu wanakunywa wanaimba wanarudi kwao. Basi mimi nikatangaza mwaka huu pombe hakuna, ni gemu. Njoo na jembe, lima, nawa miguu, cheza. Hela sitaki hata kuisikia harufu.

Wamekuja! Wamekuja mpaka watu wa Mwimbi, kule mbali, sijui nani aliwaambia. Shamba la juu lililokuwa linanishinda limeota matuta kama upele, na jioni nyumba imejaa, aliyecheza na asiyecheza wote wanapiga kelele, na Lazaro akifunga goli anasimama kwa mguu mmoja, fimbo kaisahau huko. Siku nyingine haongei, anakaa na huo mguu wake tu. Kwenye gemu ana miwili. Nani ataniambia hicho ni kitu cha wenye hela?

Loth akaja kulalamika kwamba namuua kibiashara. Nikamwambia ushushe bei, usinililie mimi. Akamleta mwenyekiti wa mtaa, naye akaanza, oo mzee, gemu zinaharibu watu. Nikamuuliza, "Mwenyekiti, mwaka jana waliokunywa pombe kwangu walilala mferejini au hawakulala? Mwaka huu umemwokota nani?" Akakohoa. Kabla hajaondoka akanivuta pembeni akauliza zamu yake itakuwa lini.

Kwa hiyo nimewashinda wote. Aliyenishinda ni huyu wa ndani.

Jumamosi hii watu wanakuja kumalizia shamba la chini. Mvua ziko ukingoni, zikikatika udongo ule unakuwa tofali, jembe linadunda, na msimu ujao tutakula hadithi zangu. Juzi nataka kuwasha, padi hazipo. Natafuta chini ya kitanda, natafuta kwenye mahindi, mwisho namuuliza.

"Stefania, padi ziko wapi?"

"Ziko kwenye mtungi wangu."

Ule mtungi aliorithi kwa mama yake, wa kupikia pombe! Kaufunika kwa ungo, juu kaweka jiwe la kusagia. Na huku kwetu mwanamume hatii mkono kwenye mtungi wa mpika pombe, hata nyumba ikiungua.

"Mama, nitolee. Jumamosi watu wanakuja."

"Watu wako. Wewe si ulitangaza pombe hakuna? Basi mtungi umelala. Usiuamshe."

Akaendelea na maharage yake. Sasa mimi najua kuna mkono wa Loth hapa, au wale akina mama wa jumuiya ya kanisani wamemjaza maneno. Hata Rosina, jirani yetu, anayelima kuwashinda wanaume wawili, siku hizi ananisalimia kama ananitemea, tangu siku aliyoniomba padi nikamwambia, mama, wewe nenda kamsaidie Stefania kumenya viazi vya wageni. Nilimwambia kwa heshima kabisa.

Nisaidie, mwanangu. Niuvunje mtungi, yaishe? Au niwarudishe watu, Loth anicheke mpaka jino la mwisho lionekane? Lakini kufunga gemu sifungi, hilo usinishauri, nitacheza hata kwa kumpigia kipa mluzi. Na usiniambie nimwombe msamaha, kwa sababu sijaona nilichokosa.

Wako, Baltazari, aliyebeba dume.

*

Shikamoo, mzee Baltazari.

Mtungi usiuguse. Ukiugusa usinipigie tena simu.

Kwenye gemu niko upande wako, na nalisema hapa redioni ili Loth asikie huko stendi. Mtu aliyeshinda na jembe kutwa ana haki ya kucheka jioni kama mwenye viatu vya kung'aa. Mzee mwenye mguu mmoja ana haki ya kukimbia, hata kama ni kwenye kioo. Anayechungulia kwenye tundu la bati anaiona furaha ya mwenzake, yake hana. Loth, shusha bei, na hilo kapeti kung'uta, ndivyo makapeti yanavyofanywa. Na wewe mzee usifunge. Akija mwenyekiti, akija nani, usifunge.

Hapo nimemaliza kukusifu, sasa kaa chini.

Unamtafuta mchawi kwa Loth na kwenye jumuiya, na mwenyewe umenitajia kila kitu kwa mdomo wako mrefu. Siku ya kulima, ni nani alikuwa anaonja kwanza mbele ya watu? Ni nani alikuwa anagawa, anajua huyu bado, huyu kazidisha, yule kalima kidogo lakini mgonjwa, apewe? Shamba ni lako, ila ile siku ilikuwa ya Stefania. Watu walikuwa wanaondoka wanalitaja jina lake. Wewe umeamka asubuhi ukafuta pombe, na yeye ukamfuta humo humo. Ukamkabidhi sufuria la viazi. Halafu unashangaa padi zimekwenda kukaa mtungini! Zimekwenda kwa mwenye siku, mzee. Amekwambia waziwazi, hukusikia, ulikuwa unasikiliza kelele za magoli.

Na huyo Rosina. Anawashinda wanaume wawili kulima, ila akiomba padi anapelekwa kwenye viazi, tena "kwa heshima." Tangu mwanzo wa barua yako unapiga kelele gemu ni la watu wote. Nimewatafuta wanawake kwenye hao watu wote, nimewakuta jikoni. Loth kafukuza wenye tope, wewe umefukuza wenye vitenge. Mnatofautiana nini? Yeye angalau ana kapeti.

Usiniulize umekosa nini tena. Fanya hivi, na ufanye leo kabla Jumamosi haijakukuta.

Nenda kwa Stefania akiwa na maharage yake. Usisimame, kaa chini na wewe upepete. Ya dume kwa leo yaache. Mwambie, "Mama, Jumamosi ni siku yako, naomba uifungue." Maneno yasizidi hayo, kwa sababu wewe ukizidisha maneno unaanza kujisifu. Padi azitoe mwenyewe kwa mkono wake, mbele ya watu, kama alivyokuwa anachota pombe. Zamu agawe yeye. Akisema Rosina anatangulia, Rosina anatangulia. Akikwambia wewe subiri, utasubiri, na wakati unasubiri utamenya viazi pamoja na mwenyekiti. Lazaro msimwondolee nafasi yake. Loth naye mpelekeeni salamu: aje, jembe lake abebe, miguu atanawa kwenu.

Na desturi yenu haijafa kwa sababu pombe haipo. Mwenye siku anaonja kwanza. Gemu la kwanza Jumamosi, uwanja mzima unaangalia, litakuwa la Stefania na wewe. Atakufunga, mzee. Nimekusikia mwenyewe ukikiri matatu, na nimemsikia anavyocheka huko nyuma. Huyo siyo mtu anayechukia gemu, huyo ni mtu anayesubiri marudiano.

Akikufunga, simama umpigie makofi, na umeme uuache, haujakukosea kitu.