Betri Iliyovimba

Sokoni Ndhiwa,
Jumanne.

Kwako Baba,

Pokea salamu zangu mimi mwanao Stanley, wewe na Mama na wote wa hapo Ntimaru. Huku sina homa wala njaa, nashukuru Mungu. Je, goti lako limepata nafuu? Na yule ndama mwekundu ameanza kula majani? Ningepiga simu, lakini masikio yako hayapatani na simu tangu zamani, tena neno nililo nalo sitaki likufikie kwa kinywa cha kaka Nicodemus. Caren, dada yangu, msomee Baba polepole, usiruke hata mstari.

Fundi Cephas anayenifundisha kazi ni mkali, ila hamnyimi mtu ujuzi. Wiki jana mwalimu mmoja wa hapa alileta laptopu inayochemka. Alilalamika kwamba akiipakata inamchoma kama sufuria, kisha inajizima. Cephas akaniachia. Nikaifungua, nikatoa vumbi lililoziba feni, nikapaka dawa mpya ya kupoza, nikaiwasha. Baada ya nusu saa bado haikushikika. Ndipo nikaona betri imevimba mpaka imeinua kibodi.

Baba, mimi ni mtoto wa wafugaji. Mara ngapi nimekuona ukimtoboa ng'ombe aliyevimba tumbo, ubavu wa kushoto, gesi ikatoka ikilia na mnyama akarudi malishoni? Nikachukua sindano.

Cephas alinidaka mkono hata sindano ikaanguka. Hakunitukana, na hilo ndilo lililonitisha. Aliipeleka ile betri nyuma ya duka, akaiweka kwenye mchanga, akaitoboa kwa spoki ya baiskeli aliyoifunga kwenye mti mrefu. Ikatoa harufu tamu kama rangi ya kucha. Kisha moto ukaruka juu kunizidi kimo. Akanieleza kwamba nyingine hulipuka papo hapo, na nyingine hunyamaza, zikingoja siku utakapochomeka chaja. Halafu akanitazama.

"Stanley, ushawahi kutoboa ingine?"

"Hapana," nikasema.

Tangu siku hiyo kila laptopu ninayoigusa naiona ya moto, hata iliyozimwa.

Unakumbuka nyumba ya Nicodemus ilivyoungua mwezi wa nane, na mtoto wao akaungua mkono. Wazee walimhoji mkewe, Pauline. Akaapa kwamba jiko alilizima kwa maji, na kwamba kabla ya moshi alisikia harufu ya rangi ya kucha kutoka chumbani. Watu wakacheka, kwa sababu katika boma letu hakuna mwanamke anayepaka kucha. Nami nilicheka. Wakaamua kwamba alichoma nyumba kwa hasira ya ugomvi wake na mumewe, akarudishwa kwao bila mtoto wake. Jumamosi hii mnakaa kulimaliza jambo, ng'ombe wa mahari warudi na ndoa ife, na nasikia wewe ndiye utakayesema neno la mwisho.

Usiliseme, Baba. Ile laptopu niliyomletea Nicodemus nikijisifu kwamba nimeitengeneza ilikuwa imevimba vivyo hivyo. Asubuhi ya siku ile ya moto niliitoboa kando ya zizi, mahali ambapo samadi haiachi harufu nyingine isikike. Ilitoa upepo, ikatulia, nikaibandika utepe. Nikaiweka juu ya kitanda, nikachomeka chaja, nikawaonya wasiiguse mpaka ijae, kisha nikaondoka. Nilikuwa sijafika Ndhiwa simu ya moto ikaja. Pauline hakuchoma kitu. Ni mimi. Sikujua siku ile, lakini nilijua nyuma ya duka la Cephas, na bado nikasema hapana. Naona aibu, Baba, na ninaogopa.

Nitafika Ijumaa nisimame mwenyewe mbele ya wazee. Miguu yangu ikinisaliti, barua hii isomwe pale pale, na Pauline awepo.

Msalimie Mama. Msalimie Nicodemus, kama atakubali. Mtoto usimpe salamu zangu, mkono ule nitauomba msamaha mwenyewe.

Na wewe Caren, nakufahamu. Kuna mstari umemruka Baba asiusikie. Rudi hapo, usome tena kwa sauti.

Ni mimi mwanao,
Stanley