Redio ya Baba

Jumatatu, 2 Oktoba
Siku ya kwanza ya uhandisi. Dokta, mhadhiri wetu, kaingia, kasema kila mtu asimame ajitambulishe na aeleze kilichomleta hapa. Basi! Wa kwanza alifungua redio ya baba yake akiwa mdogo, akaifunga, ikalia vizuri kuliko mwanzo. Wa pili — redio ya baba. Wa tatu — redio ya babu, angalau kabadilisha mzee. Jamaa wa mstari wa mbele aliunda jenereta kwa feni mbovu. Tumeshambatiza Jenereta.

Nilipanga kusema ukweli: napenda kushona, kusuka nywele, na kulala. Hapa nimeletwa na alama za hesabu na baba yangu. Nikasimama. Mdomo ukasema, redio.

Tena nikaongeza na pasi! Nani aliniomba pasi?

Jumanne, 3 Oktoba
Baba kapiga simu. Siku hizi jina langu kalisahau, ni Injinia tu. Injinia, umekula? Injinia, umeamkaje? Jirani kaleta televisheni yake mbovu, iko sebuleni, inanisubiri likizo. Nilitaka kumwambia kwamba nyaya naziogopa. Nikasema salio linaisha. Yeye ndiye aliyepiga!

Ijumaa, 6 Oktoba
Balaa. Dokta anasema hajawahi kupata darasa lenye vipaji namna hii. Kwa hiyo Jumatatu, karakanani, kila mtu atapewa redio nzima. Aifungue, aifunge, iongee. Nusu ya alama za muhula! Jenereta kauliza kama bado mtu anaweza kubadilisha kozi. Anamuulizia rafiki yake, eti.

Mwenzangu wa chumbani kakiri tukiwa tunafua: kwao hawakuwahi kuwa na redio.

Jumatatu, 9 Oktoba
Naandika karakanani, mapumziko.

Dokta aligawa redio na bisibisi, akatoka kupokea simu. Watu wakazivamia. Mimi nikazungusha skrubu. Nikazungusha. Wapi! Jenereta akachungulia, akacheka mpaka akadondosha nyaya zake: dada, wewe unaikaza! Nikageuza upande wa pili, haikusogea. Kichwa cha skrubu kimeshalika. Nikaacha. Nikaifuta vumbi ile redio, ionekane nimeishughulikia.

Dokta akarudi, akapita akiwasha moja moja. Kimya. Kimya. Ya Jenereta ikatoa moshi. Mwenzangu alibakiwa na vipande mezani, akavifunika na daftari. Kwangu akabonyeza — taarifa ya habari, sauti safi kabisa!

Dokta akainyanyua juu. Mnaona? Hiki ndicho kipaji! Na pasi alituambia! Akaniita Injinia mbele ya watu wote. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto, na bado nimefurahi. Ningetamani baba asikie.

Kasema baada ya mapumziko nilieleze darasa nilivyofanya. Nikisema kweli, nusu ya alama imekwenda, na likizo nitaingiaje sebuleni kwetu? Nikidanganya, Jenereta aliniona.

Wanarudi. Dokta kaweka redio nyingine kwenye meza ya mbele, nzima, na bisibisi pembeni. Anasema maneno hayatoshi, niwaonyeshe. Angalau sasa najua inazungushwa upande gani. Ananiita. Sijainuka bado, na Jenereta kashanyoosha mkono —